Kukimbia peku: walioanzisha walikuwa na viatu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dodoma, nina miaka 41. Jumamosi huwa nakimbia na klabu yetu ya jogging, tunatoka Area D kuelekea upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kurudi. Siku hizi kijana mmoja wa ofisini kwetu, aliyerudi kutoka masomoni nje, anakimbia peku. Anasema iko jumuiya ya wakimbiaji peku dunia nzima, na kwamba ilianzia Marekani. Wazee wa klabu wanamcheka. Wanasema wao walikimbia peku kwenda shule tangu enzi hizo. Nani mkweli? Jumuiya hiyo ilianzaje? Na mimi ninayeumwa magoti nikishuka kilima, nivue raba?"

Marahaba, mama. Kijana wenu yuko sahihi, na wazee pia wako sahihi, maana kila upande unazungumzia jambo lake.

Kukimbia peku hakuna taifa linaloweza kukudai. Kule Laetoli, Ngorongoro, timu ya mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Unaona kisigino kilipozama, unaona kidole gumba kimelala sambamba na wenzake kama cha kwako. Raba ya kukimbilia yenye sponji nene kisiginoni ni ya miaka ya 1970. Kwa hiyo wazee wakisema "sisi tulianza zamani", wana haki, na wangeweza kurudi nyuma zaidi ya shule ya msingi.

Ila jumuiya ni habari nyingine. Mtoto wa Chamwino aliyekimbia peku kilomita kadhaa kwenda shule hakuwa mwanachama wa chochote. Alikosa viatu. Angepewa, angevaa siku hiyo hiyo. Hata leo kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, utaona watoto wakikimbia peku kwenye uwanja wa changarawe, na mimi sipendi kabisa mtu mzima anaposimama pembeni akasifu "miguu ya asili" ya mtoto ambaye mzazi wake hana hela ya raba. Wakimbiaji peku ninaowajibia swali lako ni watu waliokuwa na viatu kabatini, wakavivua kwa kutaka wenyewe, kisha wakatafutana. Hao walitokea mahali ambapo viatu ni vingi, na ambapo viatu vilikuwa vimeanza kutiliwa shaka.

Watu wengi huanza hadithi hii na Abebe Bikila wa Ethiopia. Tarehe 10 Septemba 1960, jijini Roma, alishinda marathoni ya Olimpiki peku kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote duniani wakati ule. Husimuliwa kana kwamba alikuwa maskini asiye na kiatu. Bikila alikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, viatu alikuwa navyo. Vile vya mashindano alivyopata Roma havikumkaa vizuri, na mazoezini alikuwa amezoea kukimbia peku, basi akaamua. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu, na muda wake ukashuka hadi saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mtu yule yule, medali ile ile, mara moja bila viatu na mara moja navyo. Ukikutana na mtu anayetumia jina la Bikila kuthibitisha kwamba peku unakwenda kasi zaidi, mkumbushe Tokyo.

Hakuwa peke yake. Mwingereza Bruce Tulloh alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mita 5,000 mwaka 1962 kule Belgrade akiwa peku. Zola Budd, binti wa Afrika Kusini, alikimbia hivyo hivyo miaka ya 1980, na mwaka 1984 alikuwa peku kwenye fainali ya mita 3,000 ya Olimpiki ya Los Angeles, ile ambayo yeye na Mmarekani Mary Decker waligongana. Afrika Kusini watoto wa shule kukimbia peku ni kawaida hata kwa familia zenye uwezo, kwa hiyo kwake hapakuwa na ajabu. Hawa wote walikuwa mtu mmoja mmoja. Hakuna aliyewafuata kwa wingi, na wala wao hawakuhubiri.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inaingia kwenye jogging. Kocha Bill Bowerman wa Oregon alikwenda New Zealand mwaka 1962, akakuta kocha wa huko, Arthur Lydiard, anawakimbiza wazee na watu wa kawaida taratibu barabarani, akarudi na wazo hilo nyumbani. Bowerman huyohuyo ni miongoni mwa waanzilishi wa kampuni iliyokuja kuitwa Nike. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 mamilioni ya watu wa ofisini walikuwa barabarani, na viatu vikazidi kunenepa kisiginoni ili kulainisha kishindo. Waliumia vilevile. Magoti, mifupa ya mundi, nyayo: kliniki zilijaa wakimbiaji waliovaa viatu bora kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa.

Hapo ndipo mbegu ilipoota. Mwaka 1987 daktari Steven Robbins wa Montreal na mwenzake Hanna walichapisha utafiti kuhusu watu waliozoezwa kutumia miguu mitupu zaidi. Wayo ulijibu kwa kujikaza, upinde wa ndani ukainuka. Wakadai kwamba kiatu kinene kinaunyima wayo taarifa za ardhi, na wayo usiopata taarifa hutua kwa nguvu bila kujihami. Kwa muda mrefu ni wachache walioutilia maanani. Kisha intaneti ikafika majumbani, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu mmoja wa California, Ken Saxton, anayejulikana zaidi kama Barefoot Ken Bob, akaanza kuandika humo habari za kukimbia kwake peku. Alikuwa anamaliza marathoni nyingi bila kiatu, na akaeleza jinsi ya kukunja goti, kushusha mguu polepole, kufupisha hatua. Wakimbiaji waliokuwa wakijificha kwa aibu kila mmoja mtaani kwake wakagundua kwamba hawapo peke yao. Ukiniuliza jumuiya ilizaliwa lini, nitakujibu ni hapo, wala si Roma. Roma ilitoa shujaa. California ilitoa watu wanaouliza na kujibizana: ngozi ikichubuka unafanyaje, majirani wakikuona mwehu unawaambia nini.

Mlipuko wenyewe ulikuja 2009 na 2010. Mwaka 2009 Christopher McDougall alitoa kitabu, Born to Run, kuhusu Watarahumara wa makorongo ya Chihuahua, Meksiko, wanaokimbia umbali mrefu mno. Hapa nakuomba usimame kidogo, kwa sababu jambo hili hurukwa. Watarahumara hawakimbii peku. Wanavaa ndara wanazozikata kwenye matairi ya gari na kuzifunga kwa kamba ya ngozi. Ni katambuga, mama. Hizihizi unazoziona miguuni kwa wafugaji mnadani. Soli yake haina sponji hata chembe, haina kisigino kilichoinuliwa, inazuia mwiba tu. Wagogo na Wamasai wamechunga ng'ombe kutwa nzima kwa katambuga bila mtu kuandika kitabu.

Januari 2010 jarida la sayansi la Nature likachapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake. Waliwapima Wamarekani na Wakenya wa Bonde la Ufa, waliozoea peku na waliozoea viatu. Aliyezoea viatu hutua kisigino kwanza, na akifanya hivyo peku, kishindo cha ghafla kinapanda hadi kati ya mara moja na nusu na mara tatu ya uzito wa mwili, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Waliozoea peku, kwa sehemu kubwa, walitua mbele au katikati ya wayo, kisha kisigino kikashuka taratibu, na ule mpigo wa ghafla karibu ukatoweka. Watu walisoma hayo wakavua viatu. Mikutano ya kukimbia peku ikafanyika, ikiwemo ule wa Governors Island, New York, mwaka 2010. Kampuni ya Vibram, iliyokuwa ikiuza viatu vyenye vidole vitano kama glavu tangu katikati ya muongo uliotangulia, ikauza mno.

Kilichofuata ndicho ninachotaka kijana wenu akisikie. Mwaka 2013 watafiti walifuatilia wakimbiaji wazoefu kwa wiki 10 walipokuwa wakihamia viatu vile vya vidole, wakawapiga picha za MRI. Kati ya 19 waliohamia, 10 walionekana kuwa na majimaji yaliyoongezeka ndani ya mifupa ya miguu, dalili kwamba mfupa unalemewa. Mwaka 2014 Vibram ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliosema madai ya faida za kiafya hayakuwa na ushahidi wa kutosha. Mauzo yakaporomoka, wengi wakarudia viatu vinene kuliko vya mwanzo, na jumuiya ikabaki na wale waliokuwamo kabla ya kelele. Ipo mpaka leo, ndogo na tulivu.

Sasa nirudi kwetu, maana nyumbani kumetoa majibu yaliyoisumbua hadithi ya Harvard. Mwaka 2013 yalitoka matokeo kuhusu Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, watu wanaoishi peku. Wakikimbia kwa mwendo wanaoupenda, asilimia 72 ya hatua zao zilianza na kisigino. Mwaka uliofuata, 2014, mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliandika kuhusu Wahadza, majirani zetu hawa wa bonde la Ziwa Eyasi. Wanaume wa Kihadza kwa wingi walitua katikati ya wayo. Wanawake na watoto wengi walitua kisigino. Jamii moja, ardhi moja, miguu iliyokulia mazingira yale yale, na bado wanatofautiana. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba mwanamume anayewinda hukimbia mara nyingi na kwa kasi, na ufundi huo hujengwa na kurudiarudia. Kuzaliwa peku peke yake hakumfundishi mtu kukimbia. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema "sisi Waafrika miguu yetu inajua".

Miguu yako, mama, haijui, na sikudharau. Kama wewe ni mtumishi wa miaka mingi, basi umekaa ofisini kwa viatu vya kufunika, pengine vyenye kisigino. Shavu la mguu wako limefupika, vidole vimebanana, ngozi ya chini ni laini. Mbele ya lami, wewe na karani wa Los Angeles ni ndugu. Bibi yako huenda alikuwa na nyayo ngumu kama nini, lakini hakukurithisha sugu. Kila mtu anajiotea zake. (Na sugu si ganzi. Utafiti wa mwaka 2019 uliowapima Wakenya na Wamarekani ulionyesha kwamba ngozi nene ya wayo inalinda bila kumpunguzia mtu hisia za ardhi.)

Kuhusu magoti. Goti linalouma kwa mbele ukishuka kilima, bila kuvimba na bila kukwama, mara nyingi linalalamikia hatua ndefu. Mguu unatua mbali mbele ya mwili, goti likiwa limenyooka, na kila hatua inakuwa breki. Ukitua mbele ya wayo mzigo wa goti hupungua. Lakini mzigo haupotei, unahama. Unakwenda kwenye shavu la mguu, kwenye kano kubwa ya nyuma ya kisigino na kwenye mifupa myembamba ya wayo. Wale wa viatu vya vidole wa 2013 walilipa deni la mifupa hiyo.

Fanya hivi kwanza, na raba zako miguuni. Asubuhi tafuta korongo lenye mchanga unyevu kidogo, kimbia hatua kama ishirini, rudi utazame alama. Ukikuta shimo la kisigino limechimbika na mchanga umesukumwa mbele, jibu la magoti yako umelipata chini hapo. Vua viatu, rudia hatua ishirini pembeni yake. Watu wengi alama zao hubadilika palepale bila kufundishwa: kisigino kinagusa tu, kina kikubwa kinakuja chini ya sehemu nene ya wayo iliyo nyuma ya vidole, na nafasi kati ya hatua moja na nyingine inapungua. Vaa tena, ujaribu kukimbia kwa namna ile ya pili. Hesabu hatua kwa dakika. Ukiwa chini ya 160, sogea taratibu kuelekea 170 hivi kwa kufupisha hatua, usiongeze kasi. Kwa maoni yangu hapo umeshachota sehemu kubwa ya faida, na hujaacha kiatu bado. Angalia pia raba yenyewe. Kama ni ya mtumba kutoka soko la Sabasaba na sponji imelala upande mmoja, unakimbia umepinda kila Jumamosi. Ibadilishe kabla hujalaumu viatu vyote.

Ukitaka bado kuonja peku, na naona unataka, anza nyumbani. Tembea bila ndala ndani na uani nusu saa kila siku kwa wiki mbili tatu. Simama kwenye ngazi, inuka kwa vidole, shuka polepole, mpaka mashavu ya miguu yazoee. Kisha mwisho wa jogging, klabu ikiwa inajinyoosha, vua, kimbia dakika moja, basi. Wiki inayofuata mbili. Mara nyingi ngozi itakuambia imechoka kabla mifupa haijasema, kwa hiyo ngozi ikiuma acha. Usiivalishe soksi ili uendelee.

Mahali: wengi hukimbilia majani ya uwanjani wakidhani ni laini. Mimi nakushauri lami safi au barabara ya matofali, alfajiri. Sehemu ngumu na nyororo inakuadhibu mara moja ukitua vibaya, nawe unajirekebisha. Na unaona unapokanyaga. Kwenye majani na mchanga wa Dodoma kuna mbigiri, na kuanzia Mei mvua zikiisha zinakauka na kuwa ngumu kama misumari, huku miba ya migunga ikisubiri njia zote za Ntyuka na Iyumbu. Mbigiri ikikuchoma simama, ichomoe ikiwa imenyooka ilivyoingia. Ukiivuta kwa pembeni ncha inakatikia ndani, hapo ni sindano na usumbufu wa wiki nzima. Saa nne asubuhi lami yetu tayari inaunguza, usiijaribu.

Yapo ya afya siwezi kuyapita. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya miguu kwa sababu yoyote, ikiwemo aliyewahi kuugua ukoma, asikimbie peku hata dakika moja. Kidonda asichokihisi kinaweza kumpotezea mguu. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa. Kiangazi vumbi la karibu na mazizi lina funza, masika udongo mbichi palipo na kinyesi una minyoo ya safura inayopenya ngozini. Ukirudi osha miguu kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, kagua kwa mwanga.

Kuhusu ubishi wa klabu, waambie wazee wasimcheke kijana, naye asiwaambie kwamba kiatu ni adui. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma hii, alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1 akiwa na viatu. Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03, akiwa na viatu. Na kama wazee kweli walikimbia peku utotoni, waombeni wawaonyeshe walivyokuwa wakishuka kilima. Wana kitu ambacho Ken Saxton ilimbidi ajifunze ukubwani.

Maumivu ya misuli ya shavu la mguu siku mbili za mwanzo ni kawaida. Maumivu juu ya wayo, sehemu moja unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, yanayozidi ukikanyaga, hayo si ya kawaida: acha kukimbia kabisa, na yakipita wiki moja nenda hospitali ukaelezee kwamba ulikuwa ukikimbia peku, wasije wakakupa dawa ya maumivu tu. Picha ya kawaida ya eksirei mara nyingi haionyeshi ufa wa mfupa wiki za mwanzo, kwa hiyo ikitoka safi na bado inauma palepale, rudi upimwe tena baada ya wiki mbili au tatu. Goti likivimba au likikwama, hilo nalo lisingoje Jumamosi.